Craie ya Pumuzi ya Lotoko

Walinituma nitafute photo. Ku matanga ya kwetu Mangobo, mufu bila photo ni sawa harusi bila bibi-harusi: watu wanaingia mu kiwanja ya parcelle, wanaangalia ile meza ndogo yenye kitambaa nyeupe, wanaona hakuna uso juu yake, hawajue walilie wapi. Papa Lisungi hakukuwa na mutoto hapa, hakukuwa na bibi, na ndugu zake wa Opala walikuwa wangali njiani. Miye njo nilimuleteaka mikate kila asubui miaka munane, donc wamama wakasema, Aziza, ingia weye, vitu ya muzee unaijua. Vitu gani? Kitanda, sufuria mbili, kiti ya plastic yenye muguu moja ilishonwa na waya, na carton moja chini ya kitanda, imefungwa na mupira ya chambre à air. Nikapiga magoti, nikaifungua. Ndani kulikuwa taa ya petroli, imefunikwa mu shati ya zamani sawa mutoto wa jana. Kulikuwa tuyau ya perfusion, ile mupira nyembamba ya hospitali ya kutia mugonjwa maji, imegeuka manjano. Kulikuwa kopo ya maziwa, na ndani yake vipande saba ya craie, chaki ya ubao, migumu, ya kupinda-pinda, yenye nilitengeneza na hii mikono yangu. Na chini ya yote, telefone ndogo nyekundu, ya mabutoni, kioo imepasuka. Photo, zéro. Nikabakia na ile telefone mu mukono, kinywa wazi, juu Papa Lisungi hakukuwaka na telefone hata siku moja. Alikuwa anasemaka: mutu akinitafuta niko hapa, na siku sitakuwa hapa, ile siku hata telefone haitamusaidia.

Ile saa njo Néné aliingia. Alikuwa ametoka Isangi na baleinière, ile boti ndefu ya mbao. Anafundisha chimie kule, mwalimu mukubwa na sacoche ya ngozi. Miaka munane hatukuongea, miye na yeye. Sababu yake, mutaa yote yenye tuliishi zamani inaijua, haina haja nijifiche: miye njo nilimuuaka Néné nusu, na mchezo. Bon. Akaona telefone nyekundu mu mukono yangu, uso yake ikageuka sawa maji ya chokaa, akakaa ku kitanda ya mufu bila kuomba ruhusa. Nikasema, juu mulomo yangu haijue kupumzika, kumbe muzee alikuwa na mupenzi. Hakucheka. Nikafikiri ni huzuni. Nikafunga telefone mu fundo ya pagne, nikatoka nje kusema photo haiko. Néné akatoka nyuma yangu, akaenda kukaa ngambo ya pili ya hema, mbele yangu kabisa, na macho yake haikuniangalia miye, iliangalia fundo. Mu ile kiti, jua ikipiga bâche, ile turubai, juu ya kichwa, njo ile mwaka yote ilinirudilia.

Nilikuwa na miaka kumi na kenda. Masomo yangu iliishia ku sixième primaire, darasa ya sita, na nilijua mambo mbili: kukaanga mikate na kuchekesha watu. Ile ya pili njo iliuzisha ile ya kwanza. Nilikuwa nakaangaka mu parcelle ya Maman Albertine, Kabondo. Yeye njo mama ya Néné, mwanamuke wa mto, wa Yanonge, mukono moja inapika lotoko, pombe kali ya mahindi, ingine inashika rozari. Watu wa kwetu walishangaa, namna gani binti wa Kiislamu anakaa ku mulango ya pombe. Niliwajibu: miye sikunywe, natia tu kitu mu tumbo ya wale wanakunywa, ile nayo ni sadaka. Parcelle ilikuwa garage zamani, wakati malori ya barabara ya Bafwasende ilitengenezwa pale. Mafundi walienda, wakaacha hangar, mabati yenye matundu, harufu ya mafuta ya gari yenye hata mvua ya Kisangani haiiweze, na katikati ya hangar, fosse: lile shimo ya sima yenye fundi anasimamaka ndani, chini ya lori. Ndefu sawa kaburi ya ndugu watatu, na kina yake, mutu akisimama kule unaona nywele tu. Maman Albertine alipanga mapipa yake mu ile shimo, mapipa ine ya mahindi na muhogo yenye inachacha, sababu kule chini jua haifike, na sababu lotoko imekatazwa, askari akipita anaona mbao na bâche, anapita. Mchana tulikula pale pale, ku ukingo, lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo na samaki ya moshi, na chini ya miguu yetu mapipa inaongea: blubu, blubu, blubu. Miye nilisemaka ni tumbo ya Maman Albertine inaomba ingine. Tulicheka, tukalamba vidole. Leo nikifikiri mahali tuliweka sahani, nasogeza sahani mbali.

Papa Lisungi alikodi chumba ya nyuma, kule mafundi waliwekaka vyombo. Alikuwa préparateur, yule mutu wa kutayarisha vyupa ya labo ku école secondaire: yeye anaosha, anapima, anapanga, kisha mwalimu anaingia, anapata sifa. Walimupumzisha, akabakia na blouse nyeupe, koti ya labo yenye acide ilikula matundu, na kichwa yenye ilijaa na haina mahali pa kumwanga. Basi alimwangia Néné, juu ile mwaka Néné alikuwa anajitayarisha kwa examen d'État, mutihani ya kumaliza secondaire, na Maman Albertine alikuwa ameapa mbele ya Bikira kama ile binti itapata diplôme ao itarudi Yanonge kukausha samaki mupaka uzee. Kati ya meza yao na makala yangu kulikuwa ukuta ya mbao tu, na mapengo ya kupitisha vidole. Njo pale nilisomeaka secondaire yangu. Nilisikia yote, na Néné akisita, nilijibu kupitia tundu na sauti ya padri. Siku moja jibu yangu ilikuwa nzuri. Mafuta yangu ilikuwa inalia mu karai, nikasikia muzee:

«Aziza, acha mikate iungue. Kuja hapa.»

Alitwaa chokaa, ile ya kupakaa ku nyumba, akaikoroga mu maji, akaacha ishuke, akamwanga maji ya juu mu glasi. Maji safi, niliona kidole yangu ngambo ya pili. Kisha akakata kikonyo ya jani ya papai, ile iko na tundu katikati yenye watoto wanachezaka filimbi, akanipa, akaniambia nipulizie mule polepole. Nikapulizia. Maji ikageuka maziwa. Nasema kweli, dakika nzima sikutoa neno, na Néné anaweza kushuhudia ile haikufanyika mbele wala nyuma. Nilifikiri niko mugonjwa, nilifikiri ni mikate yote nilikula bila kuuzisha njo inatoka.

«Ni nini umenitoa mu kifua?» nikauliza.

«Gaz carbonique. Unaitoaka kila saa, bure. Ikikutana na chokaa inakuwa jiwe. Ile nyeupe unaona ni craie, mwana.»

Miye! Yenye craie iliniachaka ku sixième, kumbe nilikuwa naibeba ndani ya roho. Nilipulizia mu glasi tatu ile jioni, nilikuwa sawa mulevi. Papa Lisungi akatuonyesha na kidole kule katikati ya hangar. Ile mapipa, akasema, iko na levire ndani, ile hamira ya mikate, na levire ni kitu kizima: inakula sukari ya mahindi, inapumua sawa weye, lakini inapumua sawa korali nzima ya kanisa, usiku na mchana, na Maman Albertine anaiachilia yote iende. Akasema ngambo, kule Ulaya, kuko watu wanakamata ile gaz ku machimino, hawaiache kuenda, wanaipika mupaka inakuwa mbolea, inakuwa dawa ya kichwa. Akagonga kiti yenye nilikalia. Hata plastic, akasema, wanaanza kuitoa mule. Nilisimama, nikageuza kiti, nikaangalia chini yake sawa mutu anatafuta kunguni. Mulevi mumoja yenye alikuwa anasikia ku mulango akatangaza kama kuanzia ile siku asiitwe tena mulevi, aitwe mufanyakazi wa fabrike.

Mu poso mbili, siku kumi na ine tu, tulikuwa na fabrike kweli. Mapipa tuliifunika na plastic, tukaikaza na mupira ya chambre à air, tukatoboa tundu, tukaingiza tuyau ya perfusion, na kila tuyau ilipanda mupaka juu, ikaingia mu beseni ya maji ya chokaa. Asubui unakuta maziwa. Mchana maziwa imeshuka, imekuwa tope nyeupe. Kuichuja mu pagne ya zamani, hiyo kazi yangu. Kuikanda na uji ya muhogo ili ishikane, kazi yangu. Kuijaza mu vikonyo ya papai na kuipanga ku bati, jua ikauke, kisha unapasua kikonyo na unatoa craie ndani sawa unatoa karanga mu ganda, ile yote kazi yangu. Na ni miye njo niligundua kama ukizidisha uji panya wanaikula. Papa Lisungi alipima, Néné alisoma, miye nilichafuka. Craie ya kwanza niliandika ku ukuta ya hangar jina yangu, na ikapiga kelele, kiiiii, mbwa wa jirani akakimbia. Ilikuwa ngumu, iliandika nusu, nusu ingine ilikwaruza. Lakini iliandika.

Mwalimu wa chuo, yule anafundishaka watoto wa kwetu Kurani, akasikia. Akakuja, akasimamia inje ya parcelle, hakutaka muguu yake ikanyage kwa Maman Albertine. Swali yake ilikuwa nzito: craie yenye imezaliwa na pumuzi ya pombe, inaweza kuandika alif? Maman Albertine akamujibu kutoka ndani kama pombe inabakiaka mu pipa, inje inatoka pumuzi tu, na pumuzi haina dini. Wakabishana mupaka maji yangu ya chai ikaisha. Mwalimu akakamata craie moja, akainusa, akainusa tena, akailamba na ncha ya ulimi. Hainuke, akasema, na sura yake ilikuwa ya mutu yenye amevunjika moyo. Akabeba tano. Kesho yake tulisikia, kutoka mutaa ya pili, kiiiii, na watoto makumi wanacheka.

Sasa ile shimo. Papa Lisungi alitupa sheria moja tu, na aliirudilia sawa Baba Yetu: taa kwanza. Ile gaz, akasema, iko nzito kuliko hewa, yenye haiingie mu tuyau inamwangika pembeni ya pipa na inakaa chini ya shimo sawa maji mu karai, lakini ni maji yenye huione, hainuke, haina rangi. Mutu akiingia mule anazama, anazama mukavu. Basi mbele ya kushuka, unatosha mbao moja, unashusha taa na kamba mupaka ku sima, unahesabu makumi tatu. Taa ikiwaka, shuka. Taa ikizimika, kaa juu, funua bâche yote, acha upepo ifanye kazi yake, ngojea, rudilia. Mwanzo nilishituka sana na ile maneno. Kitu yenye inatoka mu kifua yangu, yenye inafanya craie ya watoto, njo ile ile inaweza kuua mutu? Papa Lisungi akasema moto nayo inapika na inaunguza, na hakuna mutu anashangaa. Lakini woga yangu haikaake siku mingi. Poso ya tatu nilikuwa nimeizoea, na kitu nimezoea naichezea.

Mchezo yangu ilikuwa hivi. Nilijificha nyuma ya pipa ya maji, na tuyau ya perfusion, ncha moja mu mulomo, ncha ingine niliipitisha kati ya mbao mupaka karibu na taa. Néné anashusha taa, anahesabu, akifika kumi na tano, miye fyuu, taa inazimika. Mara ya kwanza Néné aliruka, akapoteza kiatu. Mara ya pili ilikuwa Maman Albertine. Aliita watakatifu wote kwa majina, na mumoja yenye hayuko mu kalendari. Mara ya tatu nilimufanyia Papa Lisungi. Yeye hakuruka. Alivuta kamba, akatosha taa, akaangalia kioo, kisha akatembea moja kwa moja nyuma ya pipa, akanikuta nimekaa na tuyau mu mulomo sawa mugonjwa wa hospitali. Hakupiga, hakupandisha sauti. Akasema tu:

«Ile taa haijue kucheka, Aziza. Ukiifundisha, tumekufa.»

Niliona aibu siku mbili. Kisha niliacha kweli, lakini jina ilibakia. Kila siku taa ikizimika yenyewe, Néné alinitupia macho: weye tena. Na miye, badala ya kusema hapana, nilikuwa naonyesha meno.

Ile siku ilikuwa asubui kisha mvua ya usiku kucha, hewa imesimama, hakuna jani inatikisika. Examen ilikuwa imebakia siku ine. Maman Albertine alikuwa ku soko kununua kuni, na alisema akirudi atatoa mapipa yote, juu mahindi imekomaa, saa ya kupika imefika. Papa Lisungi alikuwa ku chumba, anapiga pasi blouse. Miye nilikuwa nakaanga. Tuyau nilikuwa nimeziosha, nimezianika ku kamba ya nguo, hata siku ile nakumbuka namna zilikuwa zinadondosha maji ku mashuka ya Maman. Néné akakuja na robe ya école, nyeupe na bleu, akasema anashuka mu shimo kidogo. Kufanya nini, nikauliza. Kuangalia kama mupira inafunga muzuri, akasema. Akatosha mbao, akashusha taa. Nilikuwa na mikono yote mbili mu unga. Alihesabu na sauti, na hakufika kumi. Taa ikazimika.

«Néné, si miye,» nikasema.

Akaniangalia. Akatabasamu, ao niliona sawa alitabasamu. Akainua mabega, akajaza kifua sawa mutu wa kujisifu, akashuka ngazi.

Nilisikia muguu yake ku sima. Nilisikia anatembea mupaka ku ukuta ya mwisho. Kisha sikusikia kitu. Nikakuja ku ukingo na unga mu mikono, nikamuona amepiga magoti mbele ya ukuta sawa mutu wa kusali, polepole, bila haraka, kisha akalala ku ubavu. Nilikuwa nimetia muguu ku ngazi wakati mukono ilikamata misuko yangu nyuma, ikanivuta, nikaanguka matako chini. Papa Lisungi. Akavuta kamba ya taa, akafunga ncha moja ku mukono yangu, akatwaa pumuzi moja, mbili, ya tatu akaifunga, akashuka. Nilihesabu, juu njo yote nilijua kufanya. Kumi na ine akamufikia. Makumi mbili na moja akapitisha kamba chini ya kwapa zake. Nikamuona anamuinamia, anafungua vidole vya Néné, anatia mukono mu mufuko ya pantalon. Nikasema mu roho, muzee anatafuta mouchoir ya pua saa hii? Makumi tatu na tano akatoka, macho nyekundu, tukavuta wote wawili, na ile kamba ilinichora alama yenye ingaliko ku mukono. Akamupulizia mu mulomo. Pumuzi yake, ile ile ya kufanya craie, alimupa mara ine, mara tano, mupaka Néné akakohoa na akatapika ku blouse yenye ilitoka kupigwa pasi. Akamuinamia tena, akamusemea kitu mu sikio. Sikusikia.

Maman Albertine akakuta watu wamejaa. Hakuna mutu alimungojea aulize. Ni mchezo ya Aziza, wakasema, alizoesha mutoto kuona taa inazimika, leo imezimika kweli mutoto akafikiri ni mchezo. Nikasema nilimuambia si miye. Hata mu masikio yangu ile maneno ilikuwa ya mwizi. Niliangalia Néné, nikangojea aseme kitu yoyote, hata anitukane. Aligeuza uso ku ukuta. Maman Albertine hakunipiga, na hiyo njo iliniumiza. Alisema na sauti ya chini, sauti yenye sikuijuaka kwake, kama miye na muzee wangu na mashini yetu ya shetani tuondoke mbele ya jua kuzama. Papa Lisungi hakujitetea. Hakusema hata moja, yeye yenye alishuka mule na mapafu ya miaka makumi sita. Alipandisha godoro ku toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, mwenye toleka akaanza kusukuma, na yeye akatembea nyuma, mukono moja inashika carton, ingine mu mufuko. Nilibeba karai yangu na nikamufwata, juu sikujua mahali pengine pa kuenda.

Njo hapo mwaka iliishia. Néné alipata diplôme. Miye na muzee tulifika Mangobo, kila mutu mu chumba yake, na kila asubui miaka munane nilimupelekea mikate tatu. Hatukufanya tena craie. Mara moja nilimuambia, Papa, mutoto wa watu alikufa nusu juu yangu, na weye ulipoteza nyumba juu yangu. Akatafuna, akameza, akasema mikate ya leo iko na chumvi mingi.

Hapa mu hema, jua imegeuka. Maman Albertine iko ku mustari ya mbele, amezeeka, kuliko wote anamulilia mutu yenye alifukuza, rozari imezunguka mukono. Néné akasimama kule ngambo, akavuka, akakaa ku kiti karibu na yangu. Aliongea akiangalia meza bila photo.

«Ile telefone ni yangu.»

Sikuelewa. Akaendelea, polepole, sawa anasomea watoto dictée. Kijana mumoja wa toleka alimupa ile telefone, ile mwaka, na mama yake alikuwa ameapa akimukuta na kitu ya mwanaume mbele ya examen, ni Yanonge, ni samaki. Akaificha mu tundu ya ukuta ya shimo, nyuma ya pipa ya mwisho, mahali hakuna mutu anapeleka mukono. Na ile asubui mama yake alikuwa anakuja kutoa mapipa yote.

«Nilijua taa si weye, Ziza. Tuyau ilikuwa ku kamba ya nguo, mbele ya macho yangu, maji inadondoka. Nilijua gaz iko mule. Nilisema pumuzi moja itanitosha, kuenda na kurudi.»

Ile mabega yenye iliinuka. Ile kifua. Miaka munane niliita ile kujisifu.

«Na Papa Lisungi?»

«Aliikuta mu mukono yangu. Aliniambia mu sikio: kitu nitakuchungia, maneno ni yako, weye njo utasema. Nikasema nitasema kisha examen. Kisha nikasema kisha matokeo. Kisha nikapata kazi Isangi.» Akafuta uso na mukono mutupu. «Nilikuwa nakuja kusema mbele yake. Boti ilikwama ku muchanga siku mbili.»

Mutu anaweza kushituka mara ngapi siku moja? Sikujua nimukasirikie nani. Huyu hapa karibu, ao yule kule morgue ya maiti, yenye alikula mikate yangu kila asubui, miaka munane, anaona namna najipiga, na anaongea chumvi. Nilitaka kumufufua ili nimugombeze. Nilitafuta kitu ya kuchekesha, juu miye bila mzaha ni sawa nimetoka bila pagne, na sikupata. Nikafungua fundo. Nikatia telefone mu mukono ya Néné, nikafunga vidole vyake juu yake.

«Mama yako iko pale,» nikasema.

Akasimama. Ilikuwa hatua kumi, nilizihesabu. Akapiga magoti mbele ya Maman Albertine, akamuwekea telefone ku mapaja, akaongea, hakupunguza sauti. Wamama wakaacha kuimba, mumoja mumoja, mupaka kila mutu akasikia: tuyau ku kamba, ukuta, mukono ya muzee, miye. Maman Albertine aligeuza ile telefone, akaangalia nyuma yake, akaangalia mbele, sawa jibu iliandikwa mahali. Kisha akasimama, akapita mbele yangu bila kunisemesha, akaingia mu chumba ya mufu. Tulisikia carton inakwaruza sima. Akatoka na taa. Akaketi ku kizingiti, akafungua ile shati, akapangusa kioo na ncha ya pagne yake ya matanga, ndani na inje, akatuma mutoto alete petroli kwa jirani. Akaijaza, akaiwasha, akaibeba na mikono yote mbili mupaka ku meza ndogo, akaiweka ku kitambaa nyeupe, mahali ya photo.

«Njo yeye,» akasema.

Ikawaka, wima, mchana kweupe. Na matanga yote, wa Kabondo wenye walinijua, na wa Mangobo wenye walifwata tu macho ya wengine, wakageuka kuangalia mulomo yangu, ile ya fyuu. Nikaiziba na mikono mbili.